Namba Yako Ibaki Hapa

Furaha wangu,

Umetoka kwenda Himbi kuaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi upesi, maana nyinyi mkisema wimbo wa mwisho huwa bado mna nyimbo nyingine. Baba yako yuko sebuleni anafunga sanduku lako kwa kamba tena, ingawa nimemwambia sanduku lina zipu na zipu ni nzima. Nimemwacha. Kila mtu ana namna yake ya kumuaga mtoto. Mimi nimekaa jikoni na kalamu, sufuria ya sombe inaiva taratibu, nakuandikia haraka kabla sijasikia geti.

Barua hii nitaisukumia kwenye mfuko wa koti lako, uisome ndani ya ndege, mahali ambapo simu haishiki na huwezi kunipigia kunibishia. Sitakuandikia juu ya baridi, wala pasipoti, wala kula vizuri. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kuniigiza sauti. Nataka kukuandikia juu ya ile simu ya bure.

Najua ulikasirika. Ulikuja mbio umefurahi, ukanionyesha tangazo la kampuni moja ya huko Kanada: simu mpya, kioo kikubwa, hulipi kitu siku ya kuichukua, unaweka tu saini ya miaka miwili na kulipa kila mwezi. Ulikuwa umeshaanza kujaza jina lako.

"Mama, tazama, banaandika bure!"

"Funga hiyo kitu."

"Juu ya nini? Hata hauyasoma!"

"Sina haja ya kusoma. Nimesema funga."

Ukafunga, ukaenda chumbani. Tangu hapo unaniitikia kwa adabu nyingi kupita kawaida, na hiyo adabu inaniuma kuliko kama ungenijibu vibaya. Nilikosea namna ya kusema, mwanangu. Lakini hofu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, na sijawahi kukueleza ilikotoka, kwa sababu ndani yake nami nimo.

Wewe umekulia kwenye simu za mji huu wa Goma, kwa hiyo unadhani dunia nzima inafanya hivi. Hapa hakuna anayeweka saini kwa ajili ya simu. Unanunua unite, salio la leo, unaongea leo. Unanunua mega za intaneti za siku, zikiisha unasubiri mega za usiku kwa sababu ni rahisi zaidi, na asubuhi macho yako yamevimba. Ukikosa kabisa unambipu mwenzako, inalia kidogo unakata, yeye mwenye unite ndiye anapiga. Na kila mtu mwenye akili ana kadi mbili za simu, ya Kongo na ya Rwanda. Mimi na vitenge vyangu pale Birere, yule mama wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, anayeniletea mzigo nampigia kwa kadi ya kwake, maana nikimpigia kwa kadi ya Kongo ninalipa kama mtu anayepiga Ulaya, wakati nikisimama juu ya kiti ninaweza karibu kuona bati la nyumba yake.

Tulijifunza mambo haya kwa kuungua. Unakumbuka ile harusi ya Himbi, tumekaa pembeni ya ziwa, nami nikawa najisifu kwamba nimenunua unite nyingi? Simu ikashika mtandao wa ng'ambo yenyewe, ikaniandikia "Karibu Rwanda", nami ningali nimeketi Goma na sahani ya mbuzi mapajani. Ilikula unite zote kabla bibi harusi hajakata keki. Ulicheka mpaka soda ikakutoka puani.

Lakini kadi hiyo hiyo ya Rwanda ndiyo iliyotuokoa siku zile vita vilipoingia mjini na mtandao wetu ukakatika. Parseli yote, sisi na majirani wa uani, ilijipanga pale kwenye ukuta wa nyuma, mahali pekee iliposhika, na wewe kwa urefu wako ukawa ndiye mnara wetu, umeinua simu juu huku majirani wakipiga kelele kwa ndugu zao: tuko wazima, tuko wazima. Mkono ulikuuma siku mbili. Sijui kama nilikuambia asante siku ile. Asante.

Sasa fikiria mtu aliyetoka katika maisha haya, ya kununua leo na kuongea leo, anaambiwa aweke saini ya miaka miwili. Miaka miwili! Hapa mlima unaweza kutema moto usiku wowote, na hata mlima ukitulia watu hawatulii. Mimi sijawahi kumwahidi mtu miaka miwili. Baba yako nilimwahidi maisha yote, lakini nilikuwa msichana na sikusoma masharti.

Mtu huyo ninayekuambia ni mjomba wako Deo.

Wewe unamjua Deo wa sasa, yule wa WhatsApp mwenye kofia ya manyoya, anayekutania kwamba atakupokea uwanja wa ndege na tarumbeta. Alipoondoka wewe ulikuwa mdogo, unalala katikati yetu. Ni mdogo wangu wa mwisho, na wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege. Niliuza vitenge vyote nilivyokuwa navyo dukani kwa bei ya kutupa ili tiketi ipatikane, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba niliviuza. Huo ndio ubaya wangu, natoa kwa mkono huu na kutangaza kwa mdomo huu.

Wiki ile ile aliyofika, Deo aliingia dukani, akachekewa vizuri, akapewa simu nzuri bila kulipa kitu mkononi, akaweka saini. Akatutumia picha yake ameishika. Tulishangilia sana. Tulimwona tayari ameshinda.

Na sisi tukaanza kumbipu.

Mwanangu, kwetu kubipu si kitu. Ni kama kugonga ukuta wa jirani asubuhi ukipita. Koko wako, mama yetu, kule kwetu Kiwanja alikuwa anambipu akiamka, kabla hajachukua jembe. Mimi nilimbipu nikifungua duka. Shangazi zako nao, kila mmoja na saa yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba alfajiri ya Kiwanja ni usiku wa manane kwake. Deo alikuwa anashtuka kitandani, anaona namba ya mama yake imelia na kukatika, na mtu wa kwetu akiona hivyo usiku hafikirii salamu. Anafikiria risasi, anafikiria mlima, anafikiria mama amefariki. Alikuwa anapiga papo hapo. Na Koko anaitika kwa furaha: "Aa, Deo! Nilikuwa nakusalimia tu. Umekula?" Halafu anaanza kumhadithia mahindi.

Ule mkataba ulikuwa unamruhusu kuongea Kanada nzima mpaka ulimi uchoke. Kongo ilikuwa na bei yake peke yake, kwa kila dakika, kwenye ukurasa ambao hakuufungua. Alikuja kuijua bei hiyo bili ilipofika. Akafikiri atairudisha ile simu, kama mtu anavyorudisha sufuria aliyoazima. Wakamwambia sawa, rudisha, lakini simu si ya kuazima, uliinunua kidogo kidogo, na kilichobaki unalipa chote leo. Hawakumwibia. Yote yalikuwa yameandikwa, na jina lake liko chini. Hakuwa nacho. Wakamkatia namba, deni likabaki.

Hayo yote sisi hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba Deo haitiki.

Mwanzoni niliwaza ameumwa. Baadaye nikasikia kwa mtu aliyetoka huko kwamba yuko mzima, wamemwona kanisani. Hapo nikachemka. Tulikuwa Kiwanja kwenye ubatizo wa mtoto wa shangazi yako, watu wamejaa uani, nikasimama na sahani mkononi nikasema kwa sauti: "Deo alishakuwa muzungu! Sisi batu ya vumbi tunamuletea haya!" Watu wakacheka, wengine wakatikisa vichwa. Koko wako alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Deo haiko vile," alisema. "Mutoto wangu mi namujua."

Na aliendelea kumpigia. Kila Jumapili baada ya misa alipanda hadi karibu na mashine ya kusaga, mahali ambapo mtandao ulikuwa unashika, akabonyeza namba ya Deo. Namba ikiwa imekatwa, kule kunakuwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, inasema kwa Kifaransa na Kiingereza kwamba namba hii haitumiki. Koko hakujua kimoja wala kingine. Alirudi nyumbani ametulia kabisa.

"Ule mama amejibu tena," aliniambia. "Anasemaka polepole, ako na roho muzuri. Nimemuambia asalimie Deo, amuambie tuko bazima."

Nilicheka, Furaha. Nilicheka mbele yake, na nikaenda kuwahadithia wenzangu sokoni wakacheka pia. Sasa hivi nikikumbuka yule mama mzee amesimama kwenye jua, amevaa kitenge chake cha misa, anamwachia salamu mtu ambaye hayupo, natamani kurudi pale nimshike mkono. Lakini nilikuwa na hasira na mdogo wangu, na mtu mwenye hasira hasikii vizuri.

Ilipita misimu miwili ya mahindi. Siku moja simu yangu ikalia namba ndefu nisiyoijua, nikaitika nikidhani ni mteja, nikasikia mtu anapumua. Kisha: "Yaya." Basi, neno moja tu, la mdogo kumwita dada yake. Nilikaa chini katikati ya vitenge.

Wakati huo alikuwa amemaliza kulipa. Alifanya kazi usiku kwenye ghala la mboga zilizogandishwa, mwezi kwa mwezi, mpaka ikaisha. Nilimuuliza kwa nini hakutafuta simu ya mtu hata dakika moja atuambie. Akaanza kuniuliza habari za duka. Nikarudia, nawe unanijua nikirudia swali. Ndipo akasema: "Yaya, nilikuogopa wewe kuliko kampuni."

Nimeuza vitenge miaka mingi, nimetukanwa na wateja, na askari mpakani, na madereva. Hakuna neno lililoniingia kama hilo. Mtoto niliyembeba mgongoni alibeba deni lake peke yake kwenye baridi kwa sababu alijua nitakachosema. Na alijua sawasawa. Ningesema yale yale aliyoyaogopa: vitenge vyangu, jasho langu, simu ya kioo kikubwa. Nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Nikapanda gari kwenda Kiwanja na ile namba mpya, nikampigia Koko Deo wake, nikampa simu sikioni. Unajua cha kwanza alichomuuliza? Hakumuuliza ulikuwa wapi. Alimuuliza: "Na ule mama, ako muzima?" Deo hakuelewa. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Mpaka Koko anatuacha hakuna aliyemwambia ukweli, na kaburini amekwenda akijua kwamba Deo alikuwa ametunzwa na mama mmoja mwenye roho nzuri.

Sasa unaelewa, mama? Nilipokuambia funga hiyo kitu, nikauona uso wako unavyojifunga, sikuiona simu. Nilimwona Deo. Nikajiambia, ndiyo haya, nimeanza tena. Huyu naye atabanwa siku moja huko, atakaa kimya, kwa sababu atasikia sauti yangu hata nisipokuwepo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Baba yako anadhani ni safari.

Kwa hiyo sikukatazi saini. Utaishi huko, utahitaji simu, na inawezekana mkataba wenyewe ukawa mzuri. Sijui bei za huko na sitajifanya kuzijua. Kaa na Deo, mfungue kila ukurasa, hata ule wenye maandishi ya kusoma kwa miwani. Uliza kupiga Kongo ni bei gani. Uliza mtu anatokaje ndani yake akichoka. Yeye ameyalipia maswali hayo, akupe bure.

Na ukikosea pamoja na hayo yote, kwa simu au kwa jambo lingine kubwa kuliko simu, nipigie. Usitafute maneno mazuri. Sema tu, mama, nimebanwa. Nitapiga kelele. Sitakudanganya kwamba nitakuwa malaika, nimezaliwa hivi na Koko hakuweza kunibadilisha. Nipe muda wa kupiga kelele, uiweke simu mezani kama unavyofanya ukidhani sioni. Halafu nitakunywa maji na kukupigia tena, na hapo ndipo utaongea na mama yako. Naomba uningojee nifike hapo. Ni hilo tu ninalokuomba katika barua nzima.

Kwa upande wetu, nimepiga marufuku kubipu. Nimewaita shangazi zako wote, mmoja amenuna, atazoea. Ukiamka usiku ukaona simu ya nyumbani, italia mpaka uitike, na itakuwa na sababu. Salamu tutakutumia kwa WhatsApp, utazikuta asubuhi zimekaa zinakungoja.

Bado jambo moja. Wakati unasoma hapa, utakuwa unanishangaa kwa nini pale mpakani, petite barrière, watu wamejaa na baba yako anahangaika na sanduku na kamba zake, nilikung'ang'ania unipe kadi yako ya simu ya Kongo. Utakuwa umedhani nimechanganyikiwa.

Deo aliporudi kututembelea mara ya kwanza, nilikwenda kumpokea pale pale. Alipovuka tu, kabla hata hatujakumbatiana vizuri, alitoa pochi, akatoa kadi yake ya zamani ya simu. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo ndani ya karatasi, nyuma ya picha ya Koko. Akaitia kwenye simu, akasimama anaitazama kama mtu anayengoja uji uchemke. Haikushika. Kule mkataba unakung'ang'ania hata ukitaka kuondoka. Hapa hakuna anayekung'ang'ania, namba isiyotiwa unite kwa muda mrefu wanaichukua na kumpa mtu mwingine. Nilimpigia kwenye ile namba yake kwa simu yangu, tukasikia inalia, akatabasamu. Akaitika mwanamke wa Bukavu, muuza samaki, akatuuliza tunataka kilo ngapi.

Deo alicheka. Halafu akaniambia, akiwa bado anacheka, "Yaya, hata hapa sina namba." Na machozi yakamtoka katikati ya watu wa mpakani, mwanaume mzima mwenye kofia yake.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kuitilia kadi yake unite. Ni pesa kidogo, bei ya ndizi za kuchoma. Lakini ilihitaji mtu akumbuke, na mimi niliyekumbuka vitenge vyangu kila siku hilo sikulikumbuka.

Kwa hiyo namba yako inabaki na mimi. Nimenunua kisimu kidogo cha tochi, nacho kitakaa hapa jikoni, juu ya kabati la vikombe. Kila mwezi nitakitia unite kidogo. WhatsApp yako iko juu ya namba hii, kwa hiyo siku wakikuomba kode ya kuifungua, kode itafika kwangu na nitakusomea, tarakimu moja moja, hata kama ni saa ya kuamka kwako na mimi niko sokoni kwenye kelele. Rafiki zako wa shule wasiojua kwamba umeondoka wakipiga, nitaitika mimi. Nitawaambia Furaha hayuko, amesafiri, lakini namba ni yake.

Sijui utarudi lini, na sikuulizi. Kusoma ni kusoma, na maisha nayo yana njia zake. Lakini siku utakayovuka pale na sanduku lako, nitakuwa nimesimama na ile kadi mkononi. Utaitia kwenye simu yako, iwe ya bure au ya kununua, tungoje pamoja ishike. Nami nikiwa mbele yako hivi, karibu kabisa, nitakubipu.

Siku hiyo usinipigie.

Geti limelia, ni wewe, unaimba. Nakunja karatasi.

Mama yako, hapa nyumbani Murara